Madini ya Sumu Katika Samaki wa Ziwani: Mama Ale Yupi, Aache Yupi?

Leo tutazungumza juu ya samaki. Sitakufundisha namna ya kumpika, maana wewe unayeishi kando ya ziwa ndiwe mwalimu wangu katika hilo. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda kimo ndani ya samaki, na ambacho jicho halikioni, pua haikinusi, wala ulimi hauwezi kukionja. Nacho ni metali nzito, hasa zebaki na risasi.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya swali moja ambalo kina mama wajawazito hutuuliza kliniki. "Sista, nasikia ziwa limejaa sumu ya dhahabu. Je, niache samaki mpaka nijifungue?" Wengine hawaulizi, wameshaacha. Ukimwuliza mama kama huyo anakula nini sasa, atakwambia ugali na sukuma wiki, na siku nyingine chai ya rangi na mkate. Hapo mimi huingiwa na wasiwasi kuliko hata ule wa zebaki.

Kwa hivyo nitakupa jibu mapema, kabla mtoto hajalia ukaondoka karibu na redio. Usiache samaki, bali chagua samaki. Sasa tukae tuelezane sababu.

Zebaki ni ile metali inayong'aa kama fedha na kutiririka kama maji. Huenda umeiona ndani ya kipimajoto cha zamani cha kioo. Risasi unaijua kutoka kwa betri ya gari. Iko ya tatu, kadimiamu, inayopatikana katika baadhi ya betri ndogo za kuchaji, katika rangi fulani, na kwa kiasi kidogo katika mbolea za fosfeti. Hizi zote tatu zina tabia moja mbaya: haziozi. Ganda la ndizi ukilitupa mtoni litaoza liishe. Risasi ikiingia mtoni leo, itakuwa mtoni wajukuu wako watakapokuja kuteka maji.

Zinaingiaje ziwani? Tuanze na zebaki, na tuanzie Nyatike, Kaunti ya Migori, katika machimbo ya dhahabu ya Macalder na vijiji vya jirani. Mchimbaji mdogo akitoa jiwe lenye dhahabu hulisaga likawa unga, akaupitisha unga ule kwenye maji, kisha akamimina zebaki. Zebaki hukamata chembe za dhahabu zikashikana kuwa donge. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, halafu huwekwa juu ya makaa. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Kwa makadirio ya kawaida, kupata gramu 1 ya dhahabu kwa njia hii hugharimu gramu 1 hadi 2 za zebaki. Hiyo zebaki imekwenda wapi? Nyingine imo katika hewa na itarudi na mvua. Nyingine imebaki katika tope lililooshewa kando ya mto. Mto Migori hukutana na Mto Kuja, na maji yao huishia Ziwa Victoria.

Lakini si haki kuwabebesha wachimbaji mzigo wote. Udongo wenyewe huwa na zebaki kidogo ya asili, na tukikata miti na kulima mpaka ukingoni mwa mto, mvua huusomba udongo huo ikaupeleka ziwani. Moshi wa kuchoma misitu na mashamba nao hubeba zebaki. Na risasi ina njia zake: maji machafu ya mijini, karakana za betri na rangi, magari yanayooshwa ufuoni. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka wa 2006, lakini kama nilivyosema, risasi haiozi. Ile ya miaka yote iliyotangulia bado imo katika vumbi la barabara na katika tope la Ghuba ya Winam pale Kisumu.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Zebaki ikifika katika tope chini ya ziwa, kuna bakteria wanaoigeuza ikawa ya namna nyingine, inayoitwa methili-zebaki. Hii ndiyo hatari, kwa sababu mwili wa kiumbe huipokea upesi na kuitoa polepole sana. Mimea midogo ya majini huinyonya. Vidudu vidogo hula mimea hiyo. Omena na fulu hula vidudu. Mbuta hula omena na fulu.

Fikiria chama cha kina mama. Kila mmoja analeta shilingi kumi tu, na kwa mtu mmoja kumi si kitu. Lakini mweka hazina anazikusanya za wote, wiki baada ya wiki, na huyu wetu hatoi hata senti. Basi omena ni mwanachama. Mbuta ndiye mweka hazina. Kila omena aliyemeza amemwachia kumi yake, na mbuta akiishi miaka kumi, hesabu mwenyewe. Ndiyo maana katika ziwa lilelile, maji yaleyale, omena anaweza kuwa na zebaki kidogo mno na mbuta mkubwa akawa na mara nyingi zaidi. Ngege yeye hula zaidi mimea na vidudu, kwa hivyo yuko chini kwenye ngazi hii.

Kiwango kilichotumika kwa miaka mingi katika biashara ya samaki ni miligramu 0.5 za zebaki kwa kila kilo ya nyama ya samaki. Watafiti waliopima mbuta na ngege wa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 na ya 2000, kwa jumla walikuta zebaki iliyo chini ya kiwango hicho. Ngege walikuwa na kidogo. Mbuta walikuwa na zaidi, na kadiri mbuta alivyokuwa mkubwa ndivyo zebaki ilivyoongezeka. Kwa hivyo anayekwambia ziwa lote ni sumu anakutia hofu bure. Na anayekwambia hakuna kitu, naye hajapima mbuta mkubwa.

Kiwango hicho ni cha samaki. Je, mtu anaweza kula kiasi gani? Mwaka 2003 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo ilipanga kipimo cha kumlinda mtoto aliye tumboni: mikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa wiki. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mama mwenye kilo 60, ukizidisha, anapata mikrogramu 96, tuseme 100. Sasa chukua samaki mwenye miligramu 0.1 kwa kilo. Mama huyu anaweza kula kilo nzima kwa wiki. Chukua mwingine mwenye miligramu 0.5. Kipande cha robo kilo peke yake kimeshapita kiasi. Na mtoto wa kilo 15? Yeye kwa samaki wa kwanza hupata kama robo kilo kwa wiki, na kwa yule wa pili ni vijiko vichache tu. Samaki wote wawili wako kwenye meza moja sokoni na wote wananukia vizuri.

Kwa nini tunamlinda mtoto aliye tumboni kuliko mtu mwingine yeyote? Kwa sababu methili-zebaki hupita kondo la nyuma bila kizuizi na kwenda kwenye ubongo unaojengwa. Dunia ilijifunza hili kwa machungu. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Watu walitetemeka, wakashindwa kutembea, wengine wakapoteza macho, wengi wakafa. Lakini lililowashangaza madaktari ni kina mama ambao wenyewe walionekana wazima au wagonjwa kidogo tu, na wakazaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Hao walikula samaki wa bahari. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ukatokea Niigata, Japani hiyohiyo, na mara hii kwa watu waliokula samaki wa Mto Agano. Maji ya mto hayakuwasaidia kitu.

Sisi hatuko katika hali ya Minamata, nataka nieleweke. Pale zebaki ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kwa viwango vidogo mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa. Madhara, yakiwepo, huja baadaye na kwa unyamavu: anachelewa kuzungumza, anasahau upesi, anapata taabu darasani. Mzazi atasema mtoto ni mvivu. Mwalimu naye atasema hivyo hivyo.

Risasi nayo hushambulia ubongo wa mtoto na kupunguza damu yake, na wataalamu hawajapata kiwango chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Tofauti yake na zebaki ni mahali inapokaa ndani ya samaki. Methili-zebaki hujishika kwenye nyama yenyewe, kwa hivyo huwezi kuikata ukaitupa. Risasi hukaa zaidi katika mifupa, matamvua, ngozi na maini. Kadimiamu hupenda maini na figo, na kwa binadamu pia huzihujumu figo polepole kwa miaka mingi.

Hapo ndipo tunafika kwenye mgongo wazi. Kila anayeishi kando ya ziwa anajua mgongo wazi ni nini: mbuta akishatolewa minofu kiwandani, minofu hupakiwa kwenye barafu ikaenda ng'ambo, na kichwa na uti wa mgongo hukaangwa na kuuzwa kwetu. Minofu ile hupimwa kabla ya kuuzwa, maana mnunuzi wa Ulaya hana mchezo. Mwaka 1999 alifunga soko lake kwa hofu ya dawa za kuua wadudu katika samaki wa ziwa hili. Mgongo wazi haumpimii mtu. Sisemi usile. Kichwa cha mbuta kina mafuta mazuri na mchuzi wake humfaa anayenyonyesha. Ninachosema ni hiki: toa matamvua yote na mabaki ya matumbo, oshea maji safi, pika mchuzi, na mifupa itupe. Najua baadhi yetu huisaga mifupa mikubwa na kuitia katika uji wa mtoto ili apate nguvu. Kwa mbuta mkubwa, mimi singefanya hivyo. Ukitaka mifupa kwa ajili ya mtoto, tumia omena. Huyo ameishi muda mfupi, hajakusanya mengi.

Omena ana jambo lake moja. Huliwa mzima, na tumbo lake na yote yaliyomo, na mara nyingi huanikwa chini juu ya mchanga. Vumbi na udongo wa ufuoni huingia naye sufuriani, na kama udongo huo una risasi, umekula risasi. Nunua wa kuanikwa juu ya vichanja au nyavu. Ukifika nyumbani chambua, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, mpaka maji ya mwisho yasiwe na mchanga chini ya beseni.

Kumpika sana hakusaidii? La. Zebaki haiogopi moto wa jikoni. Ukaange, uchemshe, uchome, umkaushe kwa moshi, itabaki ilivyo. Kukausha huondoa maji tu, kwa hivyo kilo ya samaki mkavu ina metali nyingi kuliko kilo ya samaki mbichi, kwa kuwa imetoka kwa samaki wengi zaidi. Limau haisaidii. Maziwa nayo, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiamini huvunja sumu yoyote, kwa zebaki hayafanyi kazi. Kunywa maziwa kwa faida zake nyingine.

Basi mama mjamzito ale nini? Ale samaki mara mbili au tatu kwa wiki. Ngege, omena, fulu, na mbuta mdogo. Samaki ana protini, ana madini ya chuma na aidini, na ana mafuta yanayojenga ubongo uleule tunaoulinda. Mbuta mkubwa, yule anayebebwa begani mkia ukiburura, aachiwe wengine mpaka mama ajifungue na mtoto aache kunyonya. Hata kwa wengine, awe chakula cha siku moja moja. Isitoshe, sheria ya uvuvi inatutaka tusivue mbuta aliye chini ya sentimita 50 wala aliyezidi sentimita 85. Sheria hiyo iliwekwa ili wazazi wabaki majini wazaliane, lakini ukiifuata unajikinga pia na zebaki. Kamongo na mumi wanaotafuta chakula katika tope usiwachukue karibu na mahali maji ya kiwandani au ya machimboni yanapoingia.

Kama unapanga kupata mimba, usingoje uone dalili. Methili-zebaki iliyomo mwilini hupungua nusu kwa muda wa kama siku 50 hivi, kisha nusu ya iliyobaki kwa siku nyingine kama hizo. Anza kuchagua samaki miezi sita mapema. Na anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa sababu ya haya niliyosema; maziwa ya mama yanabaki kuwa bora kuliko chochote utakachompa mtoto badala yake.

Sasa nizungumze na ndugu zangu wa machimboni, maana kwao samaki si hatari ya kwanza. Ukiwa unachoma donge la dhahabu jikoni, ndani ya nyumba ya mabati, mama na watoto wakiwa wamelala chumba cha pili, zebaki mnayoivuta usiku mmoja inaweza kuzidi ile ya samaki wa miezi mingi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huenda mapafuni, kutoka mapafuni hadi kwenye damu, na kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kuwa mkali bila sababu, fizi kuvimba. Watu husema amerogwa, au ni pombe. Choma nje, mbali na nyumba, upepo ukupe mgongo, na ikiwezekana kwa kile kifaa cha chuma kinachofunikwa na kurudisha zebaki kwenye chombo ili uitumie tena. Kitakupunguzia hata gharama. Sufuria uliyochomea isirudi kupikia ugali. Mama mjamzito asishike zebaki kwa mikono wala asikae karibu na moto huo, hata kama yeye ndiye hodari wa kuosha dhahabu kuliko wote. Na tope la kuoshea lisimwagwe mtoni. Chimbeni shimo mbali na maji.

Kuna jingine ambalo watu hawalitarajii. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kijapani, akiwemo Daktari Masazumi Harada aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata maisha yake yote, walikuja kupima zebaki katika nywele za watu wa kando ya Ziwa Victoria, Tanzania na baadaye Kenya. Viwango vya juu kabisa havikutokana na samaki. Vilitokana na sabuni za kujichubua. Sabuni hizo zilikuwa na zebaki ndani yake. Zimepigwa marufuku hapa nchini, na bado utazikuta zikiuzwa kichinichini. Mama aliyeacha ngege kwa kuogopa zebaki, kisha akajipaka zebaki usoni asubuhi na jioni, hajajisaidia.

Nimalizie na maswali mawili ambayo wasikilizaji wetu hupenda kuuliza.

La kwanza: "Nitamjuaje samaki mwenye sumu sokoni?" Kwa metali, hutamjua kwa kumwangalia. Jicho linalong'aa na matamvua mekundu hukuonyesha kwamba samaki hajaharibika, na hilo ni muhimu, lakini samaki mwenye zebaki naye anaweza kuwa na jicho linalong'aa. Maabara ndiyo hupima. Wewe pima kwa ukubwa wake, aina yake, na mahali alikovuliwa. Mwulize muuzaji, "Huyu ametoka ufuo gani?" Wauzaji hujua. Samaki wa bwawani, kama maji ya bwawa ni safi na hakuna karakana wala dampo juu yake, kwa kawaida huwa na zebaki kidogo, kwa sababu huvunwa akiwa mdogo.

La pili limetoka kwa mzee mmoja anayetaka kujua aende wapi, kwa kuwa watu wanaoshea dhahabu juu tu ya mahali wanapoteka maji na kutega samaki. Mzee, anza na kamati ya ufuo, ile BMU, na chifu wako. Kisha nenda kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yenu; huyo ana uwezo wa kuchukua maji na samaki wakapimwe. Ofisi ya NEMA ya kaunti pia hupokea malalamiko. Andikeni barua, mtie sahihi wengi, mbaki na nakala, na mtaje tarehe na mahali mlipoona. Wakati mnangoja jibu, tekeni maji na mtege samaki upande wa juu wa machimbo, au kwenye kijito kingine kama kipo.

Kwa leo ni hayo. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani.